Ndege Hawa, Siyo Ndege Hizi

Bwana Shamba hakutaka mtu anyooshe kidole. Ukimwona ndege, unasema kwa mdomo yuko wapi: juu ya jiwe, kushoto kwa mti uliokauka. Ukinyoosha kidole anakukata jicho. "Usimshitaki," anasema. "Hajakuibia."

Jina lake nalijua, sitaliandika. Huku kwetu kila mtu alimwita Bwana Shamba, hata baada ya kustaafu, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona akikagua shamba la mtu. Kwao hakupasema, na mimi sikumwuliza. Mtu mzima akinyamaza juu ya kwao ana sababu zake, nami nina kazi zangu.

Alikuwa mrefu, mkavu, anatembea ameinamia mbele kama mtu aliyedondosha sindano. Alivaa koti la mvua la kijani alilopewa kazini, limepauka mpaka limefanana na ukungu wenyewe, na kofia ya sufu aliyofumiwa na binti yake. Shingoni ilining'inia darubini ya zamani. Kioo cha upande mmoja kilikuwa kimepasuka, akakiziba kwa plasta ya kidonda. Na bado alipoangalia alifumba jicho la upande ule wa plasta. Nikamwambia, "Si plasta inatosha? Unafumba la nini?" Akasema jicho lisilo na kazi lina kiherehere.

Sisi tuko milimani, juu ya Kilosa. Mashamba ya maharage yanaishia kwenye msitu mwembamba, na ukiuvuka msitu unatokea kwenye nyasi tupu, kilima nyuma ya kilima, hakuna nyumba. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa kule unapita kwenye sweta kama vile hukuvaa kitu. Umande unakulowesha mpaka magotini. Watu wa bondeni ukiwaambia wanasema unaongopa, Morogoro gani hiyo yenye baridi ya kupuliza mikono. Mimi kipupwe kikiingia napeleka mbuzi huko, kwa sababu majani ya chini yanakuwa yamekauka. Yeye alikwenda kwa ajili ya mumbi.

Mumbi ni ndege mkubwa, mweusi, ana ngozi nyekundu shingoni. Kuruka anaruka, lakini kazi yake ni kutembea. Wanakwenda watatu au wanne, familia moja, taratibu, wanatazama chini, kama wazee wa kanisa wanaotoka kwenye kikao. Alfajiri wanaita kwa sauti nzito inayotoka kifuani, mmoja anaita, mwenzake anajibu. Wazee wetu hawakumgusa mumbi, walisema ndiye anayeomba mvua. Nilipokuwa mtoto, kila kipupwe moto ukishapita kwenye nyasi, walikuja kule juu kuokota panzi kwenye majivu. Baadaye hawakuja tena, na hakuna aliyeuliza walikokwenda. Bwana Shamba alitaka kuwaona kule mara moja tu, kabla miguu haijamkataa. Kwa muda wote tuliokuwa majirani sikumsikia akitaka kitu kingine.

Chai yake alikuwa mchoyo nayo. Alibeba chupa ya chai ya tangawizi, na chupa ile haifunguliwi mpaka tumefika kwenye mawe ya mwisho, kule juu kwenye nyasi, na jua limetoka. Unatetemeka, pua inachuruzika, chupa unaiona ile pale.

"Bwana Shamba, hiyo chai unamwekea nani?"

"Ukinywa saa hizi utakohoa. Ukikohoa wataondoka."

"Wataondoka kina nani? Hawapo!"

"Basi wakija wasikukute unakohoa."

Ungefanyaje na mtu wa namna hiyo? Nilikaa. Na nikikaa pale, mbuzi wakila, yeye akigeuza kichwa pole pole kama saa ya ukutani, niliona vitu ambavyo nilivipita maisha yangu yote. Tulimwona kipanga akisimama hewani mahali pamoja, mbawa zinatetemeka, hasogei. Tuliona vindege vya kwenye nyasi, vidogo kama limau, vinavyopaa vinapiga kelele kisha vinajiangusha kama vimepigwa jiwe. Alisema, "Mwache ndege akuone kwanza. Akishakuona akakuzoea, ndiyo na wewe unapata ruhusa."

Maneno ya watu yalikuwepo. Mimi mjane, yeye mjane, tunapanda mlima alfajiri. Siku moja bombani jirani yangu mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Bibi, huko juu mnaangalia ndege au mnaangaliana?"

Nikamwambia, "Kwa ukungu ule hata mbuzi wangu siwaoni, nitamwona mzee?"

Walicheka mpaka ndoo ikafurika. Lakini sikuacha kwenda, na yeye hakuacha kupita mlangoni kwangu na kugonga kwa fimbo mara moja. Nikitoka namwamkia, "Shikamoo, Bwana Shamba," naye anaitikia, "Marahaba, Bibi Magole," basi, mpaka mawe ya mwisho hakuna neno.

Yeye Mwislamu, mimi Mwanglikana. Alfajiri ikimkuta njiani alitandika lile koti akasali, nami nikageukia mbuzi wangu. Kuna siku beberu alianza kutafuna pindo la koti yeye akiwa amesujudu. Nilitaka kumfukuza nikaona aibu kumpita mtu mbele akisali. Hakukatiza. Alipotoa salamu ndipo akamgeukia yule beberu akamtukana matusi ya ofisini, nusu yake sikuyajua.

Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi. Na alikuwa na mambo yasiyolingana. Ndege wote aliwapenda ila kunguru, huyo alimrushia mawe. Bundi alisema ni ndege kama ndege wengine, anakula panya, tumshukuru. Bundi huyo huyo alipotua kwenye bati lake, alikuja kwangu asubuhi akasema amehisi homa, angependa kukaa kwangu kidogo. Homa ikaisha bundi alipohama. Nyama ya kuku alikula mpaka mifupa ikalia.

Lakini lililomjulisha kwa kijiji kizima lilikuwa neno. Mimi niliishia darasa la nne, na huku sisi wote tunasema ndege hizi, ndege zile, zimekuja, zimekwenda. Kwa Bwana Shamba hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kumpita bila kumwamkia. "Ndege hawa," anakurekebisha, hata kama unaongea na mtu mwingine. "Wamekuja. Wamekwenda. Ukisema imepita, umesema chuma. Ukisema amepita, umesema mwenye roho." Muuza duka alimwogopa kwa hilo. Katekista wetu alirekebishwa mlangoni mwa kanisa, siku ya harusi, baada ya kuhubiri juu ya ndege za angani.

Mwaka mmoja kwelea walishuka kwenye mashamba yetu ya mtama ya huku chini. Wanakuja kama moshi, shamba la asubuhi si la jioni. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Akasema, "Ndege hizi zinatumaliza. Bwana Shamba anawajua watu wa kilimo, atuombee ndege ya kupulizia dawa."

Bwana Shamba akasimama. "Wanatumaliza."

"Nini?"

"Ndege hawa wanatumaliza. Siyo hizi zinatumaliza."

Kijana mmoja akasema kutoka nyuma, "Sawa babu, wanakula. Wakishamaliza wao, sisi tutakula nini? Sarufi?"

Mkutano ukavunjika kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisema hataomba ndege, ila atakuja kuamia. Kuamia ni ile kazi ya kushinda shambani unafukuza ndege, kazi ya watoto na wanawake. Tukadhani anatania. Asubuhi tukamkuta ameshafika, kabeba debe bovu na rungu, anapiga na kupaza sauti, "Ondokeni jamani! Ondokeni, nawaomba!" Mtu mzima, anawabembeleza kwelea. Alishinda pale mpaka mtama ukavunwa, sauti ikamkauka. Tuliokoa kiasi, kingine kikaenda. Wako waliomnunia, na siwalaumu, wana watoto. Na mimi sikumwuliza kwa nini alikataa, maana nilikuwa nafahamu kipande cha mwanzo. Kipande cha pili ndicho nilikuwa sijakisikia.

Kipande cha mwanzo ni cha Magole. Niliolewa huko bondeni, ndiyo maana ya hilo jina aliloniita, na huko ndiko nilikomfahamu, yeye bado kijana wa serikali mwenye pikipiki. Tulilima mtama na mpunga. Kwelea walituchezea mpaka mtu unalala shambani na mtoto mgongoni na bado hupati hata pishi. Yeye akaandika, akafuatilia, ndege ikaja. Alipita nyumba kwa nyumba: ingizeni watoto ndani, funikeni maji, na kesho msiokote kwelea waliokufa, msile, wana sumu. Jioni ile ndege ndogo ikapita chini chini juu ya matete walikolala wale kwelea, ikarudi, ikapita tena. Asubuhi walikuwa chini kama majani ya mwembe. Tulipiga vigelegele. Wanawake tulimbeba Bwana Shamba juu kwa juu, kofia yake ikapotea. Mwaka ule watoto wangu walikula. Mimi nilimwambia, kwa kumsifu, kwamba ni mtu mwema, aje kwetu milimani siku moja nimwonyeshe mumbi wakitembea kama wazee wa kanisa. Akaniangalia hivi, akaondoka. Nilidhani nimemkosea adabu.

Mume wangu alipofariki nikarudi milimani kwa wazazi. Miaka ikapita. Siku moja namwona Bwana Shamba anashuka kwenye bodaboda na godoro lake. "Nimestaafu," akasema. "Mumbi wako wapi?"

Kipande cha pili alinisimulia kwenye mawe ya mwisho, asubuhi ya ukungu mzito, hatuoni hata mbuzi. Alianza bila kuulizwa, na kwanza alifungua chai, ndiyo nikajua kuna jambo.

Alisema asubuhi ile ya vigelegele, kabla sisi hatujamfikia, alikuwa amekwenda peke yake kwenye matete kukagua. Akakuta mumbi wanne. Wanaokota wale kwelea, wanameza. Alipiga makofi. Alipiga kelele, akawarushia mawe, jiwe likampata mmoja mgongoni. Mumbi hana woga, wanakwenda kidogo wanarudi, shibe iko pale. Akawakimbiza na pikipiki mpaka ikazama kwenye tope. Halafu akatusikia tunakuja tunaimba.

"Nikawaacha nikaja kwenu," akasema. "Mlinibeba."

Kesho yake alirudi. Watatu walikuwa wamelala. Mmoja mdogo, yule ambaye shingo bado haijawa nyekundu, amesimama katikati yao, anaita.

"Nikangoja mwenzake ajibu," akasema. "Nilikaa pale mpaka jua kali. Kisha nikaenda ofisini kuomba ndege nyingine, maana kwelea wa upande wa pili walikuwa bado."

Nikasema lililo kweli. "Bwana Shamba, usingeita ile ndege ningezika watoto."

"Najua."

"Basi."

"Najua, Bibi Magole. Kama nisingejua ingekuwa rahisi. Ningesema nilikosea, nikatubu, nikalala. Sasa sikukosea, na wale wamelala pale. Nashindwa pa kuliweka."

Akanimiminia kikombe cha pili. Hakuwahi kufanya hivyo, wala hakurudia.

Tangu hapo nilisikiliza kwa masikio mengine. Kuna asubuhi tulisikia: huu, huu-huu, mbali, chini ya ukungu. Alivua kofia. Alinishika mkono, mtu ambaye hata kunipa kikombe alikiweka kwanza chini nikiokote. Tukashuka mbio kwenye mteremko wenye umande, wazee wawili, mimi nimeanguka mara moja. Tukafika mahali pa kusikia vizuri. Ilikuwa mashine ya kusaga ya kijiji cha pili, inakataa kuwaka. Huu, huu-huu, inazima. Alisimama na kofia mkononi akaisikiliza mpaka ikawaka. "Wanasaga mapema," akasema, akavaa kofia.

Wakati mwingine alikusanya viganja mdomoni akaita mwenyewe. Aliweza, ungesema ni mumbi. Kisha ananiambia, "Jibu."

"Mimi?"

"Mmoja anaita, mwenzake anajibu. Jibu."

"Mimi nina wajukuu, Bwana Shamba. Siwezi kulia kama ndege mlimani." Naye anangoja kidogo, anashusha mikono. Wala hakunilazimisha.

Magoti yakaanza. Kwanza tulikwenda mpaka mawe ya katikati, baadaye mpaka mwisho wa msitu, mwishowe akawa anakaa mlangoni kwake na darubini akitazama mlima ulivyo, mimi nikirudi ananiuliza, nami najibu, "Hakuna." Akaanza kuniuliza mara mbili kwa asubuhi moja. Akaacha sufuria kwenye moto ikaungua. Binti yake akaja kumchukua akampeleka kwake Mikumi, nyumba iko karibu na barabara kuu. Alipanda gari na koti lake. Kwangu hakugonga kwa fimbo, nadhani alisahau kwamba anaondoka.

Kipupwe kilichopita nilipanda na mbuzi wangu peke yangu. Moto ulikuwa umepita, nyasi nyeusi, ukungu umekaa juu ya mashina. Nilisikia nikasema mashine. Kisha nikakumbuka upande wa mashine ni ule mwingine. Nikaketi chini kama alivyonifundisha. Wakatoka kwenye ukungu wenyewe, watatu, wanatembea, wanatazama chini, shingo nyekundu. Wawili wakubwa, na nyuma yao mmoja ambaye shingo bado. Walinipita karibu hata nikaona kope zao, maana mumbi ana kope ndefu kama bibi harusi. Mmoja aliniangalia. Nilibana kikohozi mpaka machozi yakatoka.

Sikumaliza hata kuwafungia mbuzi vizuri. Nilichukua bodaboda mpaka Kilosa, nikapanda gari la Mikumi linalopita kijiji cha Ulaya. Njia nzima nililisema neno kimoyomoyo nisikosee mbele yake. Wamerudi. Mumbi wamerudi. Vumbi linaingia dirishani, mimi nasema, wamerudi. Kijana niliyekaa naye akaniuliza, "Bibi, unasali?" Nikamwambia anyamaze.

Binti yake alinipokea vizuri, "Shikamoo bibi, karibu." Akanieleza kabla sijaingia ndani. Siku hizi baba hamjui mtu. Zile ndege ndogo za watalii zinazokwenda mbugani zikipita juu, anainuka, anataka watoto wote wa uani waingizwe ndani. Majirani wameshazoea, wanamwitikia tu.

Alikuwa uani kwenye kiti, koti la kijani kavaa kwenye joto la Mikumi. Amepungua. Nikapiga goti kidogo nikamwamkia, "Shikamoo, Bwana Shamba."

Akasema, "Shikamoo."

Yeye ananiamkia mimi! Furaha ile niliyoibeba toka mlimani ikanipanda, na ulimi wangu ukarudi ulikozaliwa. Nikasema kwa sauti, "Bwana Shamba, ndege zimerudi!"

Alishika mikono ya kiti. "Zimerudi?"

"Zimerudi, kule juu, nimeziona kwa macho yangu!"

"Ingizeni watoto," akasema. "Funikeni maji. Haraka, funikeni maji!" Anataka kusimama, magoti hayataki. Binti yake akaja mbio. "Bibi, umemwambia nini?"

"Wamerudi," nikasema. "Bwana Shamba, wamerudi, mumbi, watatu, hawa, wamerudi." Hakulichukua. Lile la kwanza lilikuwa limeshaingia. Alitazama juu ya bati la jirani, machozi yanamtoka, anasema, "Waambieni wasiokote. Waambieni wasile wale."

Pale uani walikuwepo wapangaji, wanawake wawili wanafua, dereva mmoja anaosha gari lake. Sikuwatazama. Nikakusanya viganja mdomoni, mimi mwenye wajukuu, nikaita. Huu, huu-huu. Ilitoka vibaya, kama mashine ya kusaga. Wanawake wakashikana wakicheka. Nikaita tena.

Bwana Shamba akageuza kichwa pole pole, vile vile kama kule mlimani. Nilingoja ajibu, maana mmoja anaita na mwenzake anajibu, na mikono yake niliiona ikianza kuinuka. Ikafika kifuani ikakaa hapo.

Akaniuliza, "Imeondoka?"

"Imeondoka," nikamwambia. "Haipo tena."

"Na wao?"

"Wamebaki."

"Wako wapi?"

Nikasahau, nikanyoosha kidole kuelekea milimani, juu ya bati na nyaya za umeme. Aliuchukua mkono wangu akakikunja kidole, taratibu, kama mtu anayefunga kisu. Hakuniita Bibi Magole. Hakuniita chochote. Alikishika hivyo hivyo kimekunjwa, anasikiliza malori ya barabarani, mpaka gari la mwisho la kurudi Kilosa likapiga honi.